Mheshimiwa Akija Kijijini: Maswali na Majibu

Maswali ya safari hii yametoka visiwani na bara ya Kaunti ya Lamu, Kenya. Karibu yote yanauliza namna ya kumwalika gavana au mwakilishi wa wadi, yaani MCA, na namna ya kumpokea bila wenyeji kuaibika.

Kamati yetu ya shule hapa Pate inafungua madarasa mawili. Tumepanga Jumamosi saa nne asubuhi na ofisi ya gavana imekubali, lakini manahodha wanasema saa hiyo haifai. Tufanyeje?

Wasikilizeni manahodha. Kabla ya kufungua kalenda ya ukutani, tazameni mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji huwa bamvua, yaani hujaa sana na kupwa sana, na pwani yetu bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Jumamosi yenu ikiwa ya bamvua, saa mliyoichagua ndiyo ile ambayo mlango wa Pate ni tope na mizizi ya mikoko. Boti itamshusha mgeni Mtangawanda, bandari nyingine ya kisiwa cha Pate, naye aje kwa pikipiki au kwa miguu, huku wazee na watoto wamejipanga bandarini kwa matari wakimngoja upande asiokuja.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kusogeza tarehe hadi maji mafu, yaani mnamo tarehe 7 hadi 9 au 22 hadi 24 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji hujaa asubuhi ya saa nne au tano, ingawa hayajai sana, kwa hiyo nahodha aulizwe kama boti kubwa itapita. Ya pili ni kubaki na tarehe yenu na kubadili saa: mgeni afike saa nane unusu na maji yanapanda, hafla ianze saa tisa, naye awe amepakia boti kabla ya saa kumi na moja unusu. Ya tatu ni kukubali Mtangawanda na kuhamishia mapokezi huko. Hiyo si aibu hata kidogo, mradi muiamue wiki mbili kabla na si asubuhi ile. Mkumbuke pia kwamba maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, basi hafla ikisogezwa kwa siku mbili, hesabu yote hubadilika.

Andikeni barua upya na mtaje mahali pa kushukia, saa ya kuondoka Lamu, na jina la mtu mmoja wa kupigiwa simu. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Ombeni idadi ya msafara kwa maandishi, maana gavana haji peke yake: kuna walinzi, maofisa na waandishi wa habari. Idadi hiyo ndiyo ya kuhesabia maboya ya kuvaa, viti na sahani. Katika msimu wa upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, msikubali abiria yeyote apande bila boya, awe mkubwa au mdogo.

Nani aanze kuzungumza na nani amalize? Mwaka jana kulikuwa na ugomvi jukwaani. (Hindi)

Desturi ni kupanda ngazi. Dua kwanza, kisha wimbo wa taifa, kisha mwenyeji: mwalimu mkuu ikiwa ni shule, au mwenyekiti wa kamati. Chifu hufuata, halafu MCA wa wadi, mbunge, mwakilishi wa wanawake, seneta, naibu gavana, na gavana hufunga. Ugomvi huzuka pale mfawidhi anapopewa orodha ya majina badala ya orodha ya vyeo, akawa anaita kwa kuwatambua watu kwa sura. Mpeni karatasi moja yenye vyeo na dakika za kila mmoja, na kila ofisi iione siku moja kabla.

Saa mbili zinatosha. Adhuhuri huadhiniwa saa sita na kitu, na hotuba ya mwisho isiyoisha kabla ya adhana haisikilizwi tena. Ijumaa asubuhi msipange kitu.

Ikiwa ni mkutano wa hadhara, kituo cha polisi kijulishwe kwa maandishi si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla.

MCA wetu alisimama mbele ya watu akaahidi kisima. Mwaka umepita. Tumbane vipi? (Mkunumbi)

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 9, inampa MCA kazi ya kuwa karibu na wapiga kura, kufikisha maoni yao katika bunge la kaunti, na kuwa kiungo baina yao na bunge hilo. Kifungu hicho hicho kinamkataza kuingia katika kazi za utendaji au kutoa huduma kana kwamba ni mwajiriwa wa kaunti. Kisima huchimbwa na idara ya maji, kwa fedha iliyomo katika bajeti. Kwa hiyo msimuulize "kisima kiko wapi?" Muulizeni: "Uliombea kisima chetu katika waraka gani, na kimeandikwa ukurasa wa ngapi?" Ana jibu la swali hilo au hana, na jukwaani kila mtu ataliona.

Tarehe ni hizi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia 1 Septemba. Waraka wa sera ya fedha ni kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili, na kuidhinishwa hufanywa kufikia 30 Juni. Ombi linaloletwa Novemba katika hafla yenye ngoma na pilau limeshaupita mpango wa mwaka unaofuata. Andikeni ukurasa mmoja: mahali, idadi ya nyumba, maji yanatoka wapi sasa, ardhi ni ya nani. Hilo la ardhi ndilo hukwamisha visima vingi, kwa hiyo mwenye kiwanja atie sahihi mapema. Mpeni msimamizi wa wadi kabla ya Agosti, na nakala kwa MCA. Siku ya ziara asomewe waraka huo huo, pamoja na tarehe ya muhuri.

Tunataka kumvika gavana kofia ya viua na kumpa makubadhi ya ngozi. Kuna kosa? (Siyu)

Si kosa, ila Katiba, ibara ya 76, inasema zawadi anayopewa ofisa wa serikali katika hafla ya umma ni mali ya Jamhuri, na hukabidhiwa serikali isipokuwa sheria imeruhusu vingine. Ibara hiyo inamhusu gavana na MCA pia. Bahasha ya fedha isiwepo kabisa. Ambatisheni kijikaratasi: kitu gani, nani amekishona, thamani yake.

Kofia ya viua hudungwa tundu kwa tundu kwa mkono, kazi ya wiki nyingi, na haivutiki. Ombeni kipimo cha kichwa miezi mitatu kabla.

Bamba la uzinduzi la jengo letu lilitoa michirizi ya kutu ndani ya mwaka. (Shella)

Skrubu zilikuwa za chuma cha kawaida, na hewa ya chumvi haiziachi. Tumieni za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Toboeni hadi kwenye jiwe la matumbawe lenyewe, maana plasta ya chokaa haishiki bamba zito. Shoneni vipande vya risasi, ile madini ya kuzamishia nyavu, katika pindo la pazia, la sivyo upepo wa kusi utalifunua kabla ya mgeni.

Mzee wetu amefariki na ofisi ya mheshimiwa inaomba tusubiri afike. Tusubiri? (Matondoni)

Zikeni. Maiti haraka yake ni kaburini, na kiongozi aliyelelewa pwani analijua hilo. Aje tangani kutoa pole, avue viatu mlangoni, akae jamvini na wanaume. Akiwa mwanamke, apelekwe ndani kwa wanawake. Ubani wake, yaani fedha za rambirambi, ampe mfiwa mkono kwa mkono, bila kipaza sauti. Akitaka kuonekana zaidi, kuna hitima, kisomo cha kumwombea marehemu.