Jibu: Serikali ikitwaa mashamba kulinda msitu, fidia inakuwaje?

Mkuu, umeuliza kama serikali inaweza kuchukua shamba la mwanakijiji ili kulinda msitu, na kama anafidiwa mazao tu. Kuchukua inaweza, Sheria ya Utwaaji Ardhi ya Tanzania ya 1967 inaruhusu kwa manufaa ya umma. Kasheshe iko kwenye malipo.

Angalia Derema, msitu ulioko milima ya Usambara Mashariki. Wakulima walipanda iliki chini ya miti mikubwa. Kwa mbali unaona msitu, ukiingia ndani vichaka vimefyekwa, miche ya miti haipati nafasi. Serikali ikakitwaa kipande hicho kiwe ushoroba, yaani ukanda wa msitu, wa kuungana na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa 1997. Mashina ya iliki yakahesabiwa, watu wakalipwa. Ila mashamba mbadala yalitafutwa huko tambarare, na iliki inataka baridi ya mlimani! Hapo ndipo mkulima aliumia, kwa maoni yangu.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka: thamani ya ardhi yenyewe, maendelezo (ulichojenga au kupanda), posho ya usumbufu, usafiri, hata faida iliyopotea. Kwa hiyo mthamini akipita, usitie saini fomu kabla hujaona kila shina limeandikwa, na ubaki na nakala yako.