Re: Rili moja kwa mashoto na wa kulia

Mkuu, umeuliza kama unaweza kutengeneza rili moja (kile kifaa cha kuzungushia uzi kwenye fimbo ya kuvulia samaki) itakayowafaa mashoto na wa kulia wote; inawezekana ila inategemea aina. Ile inayoning'inia chini ya fimbo ni rahisi, gia kubwa unaiachia tundu pande zote mbili, mkono wa kuzungushia unachomoa huku unachomeka kule na kifuniko kinahamia tundu lililobaki. Ila kama mkono unafungwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye gia, weka meno ya skrubu ya kukazia kulia kwa upande mmoja na ya kukazia kushoto kwa upande wa pili, la sivyo upande mmoja ukivutana na samaki mkubwa kama kolekole mkono unajifungua wenyewe. Hizo za kukaa juu ya fimbo achana nazo bana, gia na breki vyote vimebanana upande wa mkono wa kuzungushia, ndo maana viwanda vinatoa za kushoto na za kulia mbalimbali. Halafu usidhani wa kulia wote wanazungushia kulia, wengi fimbo ndo wanaishika na mkono wenye nguvu.