Rubani Magee na mwenzake: jinsi ninavyowaenzi

Mleta mada, umeuliza mtu amuenzi vipi kijana rubani aliyefia vitani ugenini, ilhali si ndugu yake na wazazi wake walishatangulia. Naishi Lincolnshire, Uingereza, ambako wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanja vya ndege za kivita vilijaa kila upande, na makaburi ya vijana hao yapo hadi vijijini. Nieleze ninavyofanya mimi.

Ninayemzuru ni John Gillespie Magee, aliyezikwa kijiji cha Scopwick. Anajulikana kwa shairi aliloandika nyuma ya barua kwa wazazi wake Septemba 1941, lile ambalo Rais Reagan wa Marekani alilinukuu chombo cha anga za juu cha Challenger kilipolipuka mwaka 1986. Mstari wa kwanza na wa mwisho vimechongwa kwenye jiwe la kaburi. Wageni husoma, hupiga picha, huondoka. Kwangu hapo limekumbukwa shairi tu. Kijana mwenyewe bado.

Alizaliwa Shanghai mwaka 1922, baba Mmarekani, mama Mwingereza, wote wamisionari. Akasoma Uingereza, kisha akapata nafasi Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, akaiacha. Marekani ilikuwa haijaingia vitani, hivyo akavuka mpaka mwaka 1940 na kujiunga na jeshi la anga la Kanada. Tarehe 11 Desemba 1941, siku nne tu baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor na kuiingiza Marekani vitani, alikuwa akishuka na Spitfire, ndege ya kivita ya mtu mmoja, kupitia upenyo kwenye mawingu, yeye na wenzake. Chini ya mawingu ikawa inapita ndege ya mafunzo aina ya Oxford, kutoka kituo cha jeshi la anga cha Cranwell. Zikagongana juu ya Roxholme, hukuhuku Lincolnshire. Mkulima mmoja alimwona Magee akihangaika kusukuma kifuniko cha chumba cha rubani, akasimama, akaruka. Ardhi ilikuwa karibu mno, mwavuli haukuwahi kufunguka. Alikuwa na miaka 19.

Ile Oxford ilirushwa na Ernest Aubrey Griffin, mwanafunzi wa urubani. Naye alikuwa na miaka 19, naye akafa. Hakuacha shairi, na wanaomtaja ni wachache sana. Hilo linaniuma. Ajali moja ikiua wawili, matanga yanakuwa ya nyumba mbili. Kwa hiyo nikifika Scopwick natamka majina yote mawili kwa sauti, hata kama kuna watu.

Kingine ninachokiwaza pale ni wazazi. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa marehemu azikwe kulekule alikofia, na baba yake Magee, mchungaji, alikuwa Washington. Nyinyi mnajua uzito wa mzazi kutotia mchanga kaburini kwa mwanawe. Ndiyo maana napeleka maua kwa niaba yao, na sioni aibu kumwombea mtoto wa watu nisiyemjua.

Wewe umesema uko Nairobi. Makaburi ya vita ya Ngong Road yapo jirani yako, na tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola inakuruhusu kutafuta jina bure. Chagua mmoja, andika umri wake, kikosi na tarehe aliyokufa. Kisha pita mawe ya jirani ukiangalia tarehe. Ndege nyingi zilibeba zaidi ya mtu mmoja, kwa hiyo ukikuta mawe mawili au matatu ya siku ileile, kikosi kilekile, huenda walianguka pamoja. Watafute wote, usimchukue mmoja ukawaacha wenzake.