Maswali ya Wasomaji: Land Cruiser Halivuti Mlimani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1995 yenye injini ya 1HZ, ambayo hubeba wageni na mizigo kati ya Karatu na kambi za Serengeti. Kwenye tambarare linakwenda bila taabu, ingawa gia ya tano siku hizi naitumia kwa nadra. Nikianza kupanda kutoka lango la Lodoare kuelekea ukingo wa kreta, hulazimika kurudi hadi gia ya pili, moshi mweusi hutoka mwingi, na mshale wa joto hupanda. Asubuhi linawaka mara moja, na oili haipungui kiasi cha kunitisha. Mwaka jana nilifunga matairi ya 315/75R16 na keria mpya juu. Fundi mmoja anasema injini imechoka, inataka oveholi, yaani ifunguliwe yote na kutengenezwa upya. Mwingine anataka tuifunge turbo. Mimi mfukoni sina zaidi ya shilingi milioni moja. Nifanyeje?
Msomaji, Karatu

JIBU: Ndugu msomaji, mafundi wote wawili waombe wasubiri kwanza, kwa sababu barua yako yenyewe inawapinga. Injini ya dizeli haina cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda. Karatu iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500, na asubuhi zake za mwezi wa Julai mnazijua wenyewe. Injini ambayo ringi zake zimekwisha au valvu zake hazifungi isingewaka mara moja katika baridi hiyo, bali ingezunguka kwa muda mrefu, itoe moshi mweupe, kisha iungurume kwa kutetemeka hadi ipate moto. Ukiongeza kwamba oili haipungui, sioni sababu ya kuifungua injini hiyo kabla ya kuipima. Atakayesisitiza oveholi mwombe kwanza apime kompresheni (nguvu ya kugandamiza hewa) ya silinda zote sita na kukuandikia namba zake kwenye karatasi. Jambo la kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda: ikizidi takribani baa 5, hapo mazungumzo ya kufungua hedi yana msingi. Bila karatasi hiyo hakuna oveholi.

Jambo la pili ni hewa ya mlimani, ambayo si kosa la gari wala la fundi. Injini hii ya silinda sita na ujazo wa lita 4.2 ilianza kutengenezwa mwaka 1990, na hata ilipokuwa mpya nguvu zake zilikuwa karibu na farasi 135 tu, kwa gari lenye uzito wa tani mbili kabla halijapakiwa kitu. Kwa kuwa haina turbo, yaani feni ya kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, huvuta hewa kama ilivyo nje. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, ambao uko karibu mita 2,300, hewa imepungua uzito kwa takribani asilimia 20 ukilinganisha na ya Tanga au Dar es Salaam, na nguvu hupungua kwa kiasi hicho hicho. Ukifika juu, kati ya farasi wako 135 wamebaki kama 108. Pampu ya dizeli nayo, isipokuwa zile chache zenye kifaa cha kupunguza mafuta kadiri gari linavyopanda, huendelea kupuliza kipimo kile kile cha pwani, na ile dizeli isiyopata hewa ya kutosha ndiyo inayotoka kama moshi mweusi. Kwa hiyo moshi kidogo mlimani ni wa kawaida. Ule wa kuficha gari la nyuma yako si wa kawaida.

Hata hivyo, sentensi iliyonisimamisha katika barua yako ni ile ya matairi, ambayo umeiandika kama ya kupita tu. Gari hili lilitoka kiwandani na matairi ya 7.50R16, yenye kipenyo cha karibu sentimita 81. Hayo ya 315/75R16 yanakaribia sentimita 88. Tofauti ya sentimita saba unaweza kuidharau, lakini maana yake ni kwamba kila gia uliyonayo imerefuka kwa takribani asilimia 9, kana kwamba mtu amekubadilishia difu usiku bila kukuambia. Ndiyo maana gia ya tano umeiacha, na ndiyo maana mahali ulipokuwa ukipanda kwa gia ya tatu sasa unaangukia ya pili. Hata spidomita inakudanganya: ikionyesha 80, wewe unakwenda kama 87, na hesabu zako za ulaji wa mafuta nazo zimeharibika, kwa kuwa kilomita unazosoma ni pungufu ya ulizotembea. Juu ya hayo kuna uzito wa matairi yenyewe na upepo unaokamatwa na keria. Kama ningekuwa na bajeti yako, ningeyauza matairi hayo pamoja na rimu zake yangali na soko, nikarudi kwenye 7.50R16 au nikachukua 235/85R16, ambayo kipenyo chake ni karibu sawa na cha asili. Inawezekana kabisa kwamba mauzo hayo yakalipia kazi nyingine zote nitakazozitaja. Najua matairi makubwa yanapendeza kwenye picha za wageni.

Sasa tuje kwenye injini, na moshi utuongoze. Gari linalokosa nguvu bila kutoa moshi kwa kawaida linakosa dizeli: filta imeziba, chujio la ndani ya tangi limejaa uchafu, mpira wa mafuta unavuta hewa kwenye klipu, au waya wa pedali umelegea kiasi kwamba hata ukikanyaga hadi sakafuni mkono wa pampu haufiki mwisho wake. La kwako linatoa moshi mweusi, maana yake dizeli inafika. Kinachokosekana ni hewa, au dizeli inapulizwa vibaya. Hivyo anza na hewa, kwa sababu ndiyo ya bei rahisi zaidi.

Fungua nyumba ya chujio la hewa na uliangalie chujio lenyewe kwa taa: ingiza tochi katikati yake, ulizungushe gizani, na uone kama mwanga unapita sawasawa na kama kuna tundu lolote. Kisha legeza klipu ya mpira mnene unaotoka kwenye nyumba hiyo kwenda kwenye injini, funga kitambaa cheupe kwenye kidole, na ukipitishe kwenye ukuta wa ndani wa mpira. Kitambaa kikitoka kisafi, shukuru. Kikitoka na unga wa rangi ya barabara ya Serengeti, chujio halizibi vizuri kwenye mdomo wake au mpira umepasuka, na vumbi hilo ndilo litakaloleta kweli ile oveholi uliyotabiriwa. Chujio la karatasi halioshwi kwa petroli, hata kama gereji zote za mtaani kwako zinafanya hivyo, kwa sababu gundi yake huachia na matundu ya karatasi huharibika. Hupulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na baada ya kupulizwa mara chache hununuliwa jipya. Kagua pia viungo vya snokeli (bomba la nje linalovuta hewa kutoka juu) kama unayo, hasa pale inapopenya ubavuni mwa gari.

Hewa inayoingia lazima itoke. Mafla iliyogongwa na mawe kwa miaka mingi inaweza kuonekana nzima kwa nje huku sahani zake za ndani zimeanguka na kuziba njia. Kipimo chake ni cha kelele lakini ni cha uhakika: mwombe fundi afungue kiungo kilicho mbele ya mafla, upande kilima kifupi mnachokifahamu, urudi. Likivuta vizuri zaidi, umepata jibu kwa bei ya gasketi moja.

Baada ya hapo ndipo fedha zako zianze kutumika, na zitumike kwenye nozeli, vile vipulizio vya dizeli. Injini iliyotembea kilomita laki kadhaa bila kubadilishiwa nozeli hupuliza matone mahali palipotakiwa ukungu, na matone hayamalizi kuungua. Peleka zote sita kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, simama pale pale, na uangalie kila moja ikipuliza: inatakiwa kufunguka kwa shinikizo la karibu baa 150, itoe ukungu ulio sawa, ikate ghafla, na isibaki ikidondosha. Mara nyingi vishikio vyake huwa vizima na kinachohitajika ni ncha mpya na washa (pete za kuzuia kuvuja) mpya. Hapa una bahati ambayo wenye magari mengine hawana, kwani injini hii ya 1HZ ndiyo iliyomo kwenye mabasi mengi ya Coaster, kwa hiyo vipuri vyake havikosekani kwenye maduka ya Gerezani na Arusha, na mafundi walioizoea ni wengi. Kuwa mwangalifu tu na ncha za bei ya kutupa, kwa sababu nozeli mbaya inayodondosha moto mahali pamoja hutoboa pistoni.

Wakati nozeli ziko kwa fundi, pima tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa juu ya kila valvu iliyofunga. Kipimo injini ikiwa baridi ni milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za kuingiza hewa na 0.35 hadi 0.45 kwa za kutoa moshi. Madereva wengi hudhani kwamba injini isiyogonga haina tatizo la tapeti, ilhali hatari kubwa iko upande wa ukimya: kadiri valvu zinavyozama kwenye viti vyake ndivyo nafasi inavyopungua, mpaka valvu ya moshi inashindwa kufunga kabisa na kuungua bila kutoa sauti yoyote. Kazi hii inahitaji vibati vya unene tofauti, na fundi mwaminifu atavihamisha kutoka valvu moja hadi nyingine kabla ya kukununulisha vipya. Muulize pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa kuwa hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukiwa umeruka jino moja nguvu hupungua mara moja. Ukikatika, hutakuwa na haja ya kuniandikia tena kuhusu moshi.

Pampu yenyewe usiiguse kwanza, ila itazame kama kuna mtu aliyewahi kuizungusha skrubu ya kuongeza mafuta. Ni hila ya zamani ya gereji: gari huondoka likivuta, mteja akafurahi, na miezi michache baadaye pistoni zikayeyuka. Ukikuta lakiri imevunjwa, fundi pampu airudishe kwenye kipimo. Na dizeli ya madumu inayouzwa kando ya barabara iache, hata ukiwa na haraka. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchanganyaji wa mafuta ya taa ulikuwa umekithiri, na pampu hii hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Ukiipa mafuta ya taa unaisaga.

Breki na joto nitavigusa kwa ufupi. Tembea kilomita chache bila kukanyaga breki sana, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu. Iliyo moto kuliko nyenzake inashikilia, na unaipandisha mlimani kwa dizeli yako. Kuhusu mshale wa joto, osha rejeta kwa nje kutoka upande wa injini, maana matope na mbegu za majani hujificha kati ya mapezi yake, na kagua kiungo cha feni kinachotumia silikoni, ambacho kikichoka feni huzunguka kwa uvivu.

Nimebakiza turbo makusudi. Inawezekana, na huko Australia injini hizi zimefungwa turbo kwa wingi, lakini wanaofanikiwa hutumia shinikizo dogo, hupanua bomba la moshi, hurekebisha pampu na hufunga kipimo cha joto la moshi ambacho hukitazama kama wanavyotazama barabara. 1HZ ina uwiano wa mgandamizo unaozidi 22 kwa 1, huunguza dizeli katika vyumba vidogo ndani ya hedi ambavyo hupasuka kwa joto, na haina mirija ya kurushia oili chini ya pistoni ili kuzipoza. Toyota walipotaka turbo kwenye injini ya ukubwa huu, walitengeneza 1HD-T yenye mfumo mwingine wa kupuliza mafuta. Hawakubandika turbo juu ya 1HZ. Kwa milioni moja utapata turbo kuukuu bila hayo mengine yote, na kupanda kwa kreta ndiko kutakakoiua injini, kwa sababu ni mwendo mrefu wa mafuta mengi na upepo kidogo.

SWALI: Mhariri, hujambo? Nina Land Rover Defender 300Tdi hapa Nanyuki. Juzi nguvu zilipotea ghafla nikiwa njiani, likaanza kutoa moshi mweusi, na nikikanyaga mafuta nasikia mluzi chini ya boneti. Naambiwa turbo imekufa. Ni kweli?
Msomaji, Nanyuki

JIBU: Sijambo, ndugu. Turbo haifi mara nyingi kwa namna hiyo. Nguvu kupotea ghafla pamoja na mluzi ni dalili ya upepo unaovuja kati ya turbo na injini. Kagua mpira unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye kipoza hewa, na ule unaotoka hapo kwenda kwenye injini. Uminye kwa vidole upande wa chini, usioonekana, kwa sababu ndiko oili hukusanyika na kuulainisha hadi upasuke, na mara nyingi ufa hufunguka tu upepo unapoujaza. Utando mwembamba wa oili ndani ya mpira si tatizo. Ukimwagika oili kama kikombe hivi, hapo ndipo turbo ishukiwe. Zima injini, shika ekseli yake na uone kama inacheza hadi kugusa ukuta.

Kuna pia mrija mwembamba unaopeleka upepo juu ya pampu ya dizeli ili iongeze mafuta turbo inapojaza. Ukipasuka huo, gari hukosa nguvu bila moshi, kwa hiyo kwa dalili zako si wa kwanza kushukiwa, lakini ubadilishe ukiwa umefungua, maana ni wa bei ndogo sana. Mpira mkubwa ukikosekana Nanyuki, usiuzungushie gundi na utepe ukaendelea na safari ndefu. Endesha taratibu bila kukanyaga sana hadi upate mwingine, ukihakikisha ni ule unaostahimili oili.