Usichague sevei moja, ziunganishe zote

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyesomea jiofizikia Mlimani aliniandikia. Ana data za sevei za mitetemo, yaani upimaji ambapo meli hupiga sauti majini na kusikiliza mwangwi wa miamba iliyo chini ya bahari. Ni za eneo moja la bahari kuu, zilizokusanywa mara mbili: meli ya kwanza ilikwenda kaskazini-kusini, ya pili mashariki-magharibi. Mkuu wake anataka achague moja. Mdogo wangu, usichague. Ziunganishe.

Kazi hii nimeifanya Cairo, kwenye data za Delta ya Nile. Kule, juu ya mchanga wenye gesi kuna tabaka la anhidraiti, madini yanayofanana na chumvi, lililoachwa Bahari ya Mediterania ilipokaribia kukauka, miaka milioni 6 hivi iliyopita. Uso wake ni makorongo matupu, sauti ikifika hapo inatawanyika. Meli inayokokota kebo za kilomita 6 husikiliza zaidi kwenye mstari inaokwenda, hivyo chini hubaki vivuli. Aliyekaa nyuma ya nguzo msikitini hamwoni imamu mpaka asogee. Kampuni ya mafuta ya BP walilijua hilo: miaka ya 2000 walipima sehemu ya delta hiyo kwa mielekeo sita.

Ofisini kwetu mtu mmoja aliniambia kuchanganya data za mielekeo miwili kutaziharibu zote mbili. Ukizijumlisha hivihivi, kweli zinaharibika. Miamba hupitisha sauti kwa kasi inayobadilika na upande, basi tabaka lilelile hutokea milisekunde chache mapema kwenye data moja. Kilele cha wimbi kikikutana na bonde la jingine, vinafutana. Nikaanza kwa kusahihisha tofauti zinazoletwa na maji: kujaa na kupwa, na joto la bahari la kila msimu. Kisha nikajenga modeli moja ya kasi ya sauti miambani inayokubaliana na mielekeo yote miwili, nikachakata kila data peke yake hadi taswira. Tofauti ndogo zilizosalia nikazisawazisha, ndipo nikajumlisha, kila mahali nikiipa uzito zaidi data iliyopaona vizuri.

Ufa wa miamba uliokuwa ukungu miaka yote ukasimama wazi, unaona kila tabaka linapokatikia. Kelele hubadilika na mwelekeo, zikafifia, miamba ikabaki.

Picha ile iliwasilishwa kwa wakubwa na yuleyule aliyeipinga. Jina langu halikutajwa, na hadi leo linaniuma. Vijana, msikubali kukatishwa tamaa na mtu ambaye hajawahi kulinganisha hata mawimbi mawili! Linganisheni kwanza, kwa uvumilivu. Na jina lako liandike kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti kabla faili halijatoka mezani kwako.