Ile "e" ya bluu, na programu yangu ya madeni iliyokosa wateja

Mwaka 2001 nilikuwa nasimamia kafe ya intaneti Kariakoo, kompyuta nane na feni moja. Mwenye kafe alishanikabidhi funguo, nami kwa ujana wangu nikaona kazi ya kwanza ni kuwanyoosha wateja. Nikaweka Netscape, kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kwenye mashine zote nane, na alama ya Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, nikaiondoa kwenye skrini. Kusema kweli Netscape yenyewe ilikuwa imeshachoka wakati ule, lakini mapenzi hayana macho.

Saa nne asubuhi haijafika, mzee mmoja aliyekuwa akija kila Jumatatu kusoma barua za mwanawe wa Muscat akaniita. "Kijana, leo intaneti hamna?"

Nikamwambia ipo.

"Mbona ile e ya bluu siioni?"

Nikamfungulia Netscape, nikamweleza kwamba ni kitu kilekile, tena kizuri zaidi. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. "Sawa, baba. Sasa nirudishie e yangu, saa inakwenda." Alikuwa amelipia nusu saa. Kufikia Ijumaa e zote nane zilikuwa zimerudi mahali pake.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu kila mwezi napata kijana anayenitumia programu aliyoitengeneza, kisha ananiuliza, "Bro, niongeze nini watu waitumie?" Huwa namwambia aache kuongeza kwanza, aende akasome jinsi vivinjari vya mwanzo vilivyoenea.

Kivinjari cha kwanza kabisa aliandika Tim Berners-Lee mwaka 1990, pale CERN, maabara ya fizikia iliyoko Uswisi. Kilikuwa kizuri kiasi kwamba hukusoma kurasa tu. Ungeweza kuziandika na kuzirekebisha humohumo. Tatizo lake, kilifanya kazi kwenye kompyuta za NeXT, mashine za bei ambazo watu wachache sana walikuwa nazo. Basi mwanafunzi mmoja aliyekuwa hapo CERN, Nicola Pellow, akaandika kingine cha maandishi matupu. Hakina picha, hakina kipanya. Kila kiungo kina namba yake kwenye mabano, ukitaka kukifuata unaandika namba hiyo unabonyeza Enter. Ukikitazama leo utacheka. Lakini kiliwaka kwenye kompyuta ya aina karibu yoyote, na ndicho kilichowawezesha watu wasio na NeXT kuionja wavuti.

Hapo nasimama kidogo, maana vijana wengi hupapita mbio. Programu bora ilikuwepo, ikabaki kwa wenye mashine zake. Dhaifu ndiyo iliyosafiri.

Kisha ikaja Mosaic mwaka 1993, kazi ya Marc Andreessen na Eric Bina katika kituo cha NCSA, Chuo Kikuu cha Illinois. Wengi hukumbuka kwamba iliweka picha katikati ya maandishi, wakati kwenye programu nyingi za kabla yake picha ilifunguka kwenye dirisha lake peke yake. Hilo lilisaidia, sikatai. Mimi lakini nilichokipenda ni mambo mawili yasiyopigiwa picha. La kwanza, mwaka huohuo walitoa toleo la Windows na la Macintosh, kwa hiyo mtu hakulazimika kuwa na mashine ya chuo kikuu. La pili, watu wakiandika kulalamika kwamba kitu fulani kimegoma, walijibiwa upesi na kasoro ikarekebishwa. Na CERN, tarehe 30 Aprili 1993, walikuwa wameshatangaza kwamba teknolojia ya wavuti ni ya wote, haina malipo.

Netscape Navigator iliyofuata Desemba 1994 ilielewa shida ya modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na intaneti kwa laini ya simu. Laini ya simu ilikuwa ya kobe, na picha moja ingekufanya ungojee mpaka uvunjike moyo. Netscape ikakuonyesha maandishi kwanza, ukaanza kusoma huku picha zikija taratibu. Laini ilikuwa ileile, ila mtu aliona inakimbia.

Ya Microsoft mnajua. Internet Explorer ilianza Agosti 1995, baadaye ikawa inakuja ndani ya Windows yenyewe, bure, hata kwa makampuni. Ukinunua kompyuta unaikuta mezani inakusubiri, e yake ya bluu inang'aa. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo, na kuifungamanisha Explorer na Windows kulikuwa katikati ya kesi. Mimi sikuhitaji jaji aniambie. Mzee wangu wa Jumatatu alishanipa hukumu.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Miaka kama sita iliyopita niliandika programu ya simu ya kutunzia madeni ya dukani. Niliyasimulia mambo haya yote kwenye semina, halafu nikayasahau nilipokaa kuandika ya kwangu. Ilikuwa na grafu za rangi, ripoti za mwezi, na akaunti ya kila mfanyakazi. Nikampelekea mama mmoja mwenye duka Temeke aijaribu. Akafungua. Ikamtaka jina, jina la duka, aina ya biashara, namba ya simu, barua pepe, neno la siri, na neno la siri tena. "Mwanangu, mimi nina barua pepe gani?" Nikamjazia ya kwangu. Kiduara kikaanza kuzunguka, bando lake lilikuwa linaelekea ukingoni. Wakati kinazunguka akaja mtoto kukopa sukari robo kilo. Mama akavuta kaunta buku chini ya meza, akaandika, akairudisha. Sekunde nane hivi. Kiduara changu bado kinazunguka.

Nilirudi nyumbani nikafuta karibu nusu ya kazi. Sasa ukiifungua unakuta sehemu mbili tu: nani, na kiasi gani. Akaunti utafungua siku ukitaka. Haidai mtandao mpaka wakati wa kutuma nakala. Grafu zipo, nimezificha ndani, na sidhani kama kuna anayezitafuta.

Kama unataka mfano wa karibu zaidi, kumbuka kivinjari cha Opera Mini kwenye zile simu za vitufe. Ukurasa ulipitia kwanza kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni ya Opera, ukabanwa, ndipo ukaja kwako umekonda, na salio la simu likatosha. Iliniondolea wateja wa kafe mmoja mmoja, na sikuwa na la kuwalaumu.

Ushauri wangu basi ni huu, na hauhitaji pesa. Kabla hujaitoa programu yako, azima simu ya bei rahisi iliyojaa picha za harusi, yenye MB za kuhesabu. Mpe mtu asiyekujua vizuri, maana ndugu watakusifia. Kisha nyamaza. Usimwelekeze kidole, usimwambie "hapo juu kulia". Hesabu moyoni mpaka afanye jambo moja lenye faida kwake. Ukifika thelathini hajafanya, mshukuru, rudi ukapunguze. Na akikuuliza kitu, andika neno alilotumia yeye. Mzee hakusema kivinjari, alisema e.

Yule mama wa Temeke anatumia toleo jipya mpaka leo. Kaunta buku bado iko chini ya meza, na Jumamosi jioni analinganisha vyote viwili. Nilimuuliza kwa nini asiachane na daftari. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Daftari haliishi chaji, mwanangu."