Kabla Hujajiandikisha Kusomea Ukutubi

Wiki ya pili ya kazi yangu ya kwanza, mama mmoja alikuja mezani kwangu akaomba vitabu vya damu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na alama nzuri za uainishaji, kwa hiyo sikusita. Nilimpeleka kwenye 612, namba ya fiziolojia ya binadamu katika Dewey, mfumo wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada, nikamtolea vitabu vitatu vinene, nikarudi kukaa. Baada ya dakika ishirini nilimwona akivirudisha rafuni kimoja kimoja, kimya. Mkutubi mwenzangu, mwenye miaka mingi kazini, akamfuata na kumuuliza: "Mama, kuhusu damu unataka kujua jambo gani hasa?"

Mtoto wake alikuwa amegundulika ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, siku mbili kabla. Alichohitaji ni kijitabu chepesi kilichoandikwa kwa ajili ya wazazi. Tulikuwa nacho, kwenye 616, rafu ile ile.

Miaka yote ya chuo sikuwahi kufundishwa kuuliza swali lile. Somo la huduma za marejeo, yaani kumsaidia msomaji kupata habari anayoitafuta, tulilisoma, lakini kwa kukariri aina za kamusi, ensaiklopidia na faharasa, kisha tukazitaja kwenye mtihani. Hakuna aliyetukalisha mbele ya mtu asiyejua namna ya kulitamka hitaji lake, na wengi wanaokuja maktaba ndivyo walivyo. Kwa hiyo vijana wanaponiuliza chuo gani ni kizuri kwa ukutubi, nawaambia waache kwanza majina ya masomo. Majina hayo hubadilika kila mtaala unapopitiwa upya: jana lilikuwa na neno maktaba, leo lina neno habari, kesho litakuwa na neno data. Uliza mwanafunzi anafanya nini kwa mikono yake. Mafunzo kwa vitendo ni ya wiki ngapi? Nani anamsimamia? Anahudumia wasomaji, au anapangua vitabu na kufuta vumbi mpaka barua yake isainiwe?

Mvutano huu kati ya vitendo na nadharia ni wa tangu mwanzo. Melvil Dewey, mwenye mfumo ule wa namba, alipofungua shule ya ukutubi katika chuo cha Columbia, New York, mwaka 1887, mafunzo yalikuwa ya kazi za mikono hasa, hadi kufundishwa mwandiko maalumu ili kila kadi ya katalogi isomeke. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 20, na 17 kati yao wanawake, jambo ambalo wakuu wa chuo hawakulipenda. Mwaka 1889 shule ikahamia Albany. Chicago nako, shule iliyoanzishwa mwaka 1926 iliegemea utafiti na shahada za juu. Mimi nasema vyote viwili vinahitajika, ila mtaala ukikosa vitendo, msomaji ndiye anayeumia kwanza.

Usilikimbie somo la uorodheshaji, yaani kuandika rekodi ya kila kitabu kwa ajili ya katalogi. Najua linachosha, na utaambiwa siku hizi rekodi zinanakiliwa tu kutoka maktaba nyingine. Ni kweli zinanakiliwa, pamoja na makosa yake, na asiyejua kuandika rekodi hawezi kulitambua kosa. Tafuta mhadhiri anayefundisha sababu ya kila kanuni. Mwaka 2010 kanuni mpya za uorodheshaji, RDA, zilipotoka kuchukua nafasi ya zile za AACR2 za mwaka 1978, niliona wenzangu waliokariri wakiishiwa nguvu kabisa, na walioelewa wakihama bila shida kubwa.

Mhadhiri wangu mmoja, ambaye namshukuru mpaka leo, alituagiza tukitafute Kiswahili ndani ya Dewey. Lugha tuliikuta 496.392 na fasihi yake 896.392, ilhali Kiingereza kina 420 na 820. Katika dini, Ukristo umepewa kuanzia 220 hadi 289, na Uislamu wote uko chini ya 297. Tukabishana saa nzima: maktaba yenye maelfu ya vitabu vya Kiswahili ifanye nini na namba ndefu namna hiyo? Siku hiyo nilielewa kwamba kila mfumo wa uainishaji umetengenezwa na watu, mahali fulani, wakiwa na vitabu fulani mbele yao. Kama mtaala unaoutazama hauna nafasi ya mabishano ya aina hiyo, una upungufu mkubwa.

Teknolojia unaweza kuianza mwenyewe. Koha, programu huria ya kuendesha maktaba iliyoanzia New Zealand, haina ada. Isimike kwenye kompyuta, ingiza vitabu mia moja, na mambo kama sehemu ya 245 ya MARC, muundo wa kuandika rekodi za vitabu kwenye kompyuta, panapokaa jina la kitabu, yataacha kuwa fumbo. Uongozi na bajeti utavisoma muhula mmoja, na vingi vyake utavijulia kazini.

Jambo jingine ni ngazi ya masomo. Marekani mkutubi kitaaluma kwa kawaida hutakiwa kuwa na shahada ya uzamili; kwingine shahada ya kwanza au stashahada inatosha kuanzia. Ukiwa na nafasi, ningependa usome kwanza fani nyingine, iwe biolojia, sheria au historia, kisha ukutubi juu yake. Wasomaji hawaji kuuliza ukutubi.

Na kabla ya kulipa ada, nenda maktaba yoyote iliyo karibu, uombe kukaa karibu na meza ya huduma kwa siku mbili. Chukua daftari. Upande mmoja andika swali kama msomaji alivyolisema, upande wa pili kile alichokuwa anakihitaji. Usiandike jina la mtu. Kisha mpelekee mkuu wa idara daftari hilo, umuulize ni katika somo lipi, mwaka wa ngapi, wanafundisha namna ya kutoka upande wa kwanza kwenda wa pili.